Mhazini sawa, mwenyekiti hapana? Muulizeni Mama Grace!

Kama unasoma safu hii ndani ya daladala huku umebanwa mlangoni, shika bomba vizuri. Leo nina jambo, na jambo lenyewe linawahusu akina dada, akina kaka, na wale wazee wanaojifanya hawasomi magazeti haya lakini wakiyakuta mezani wanaanzia ukurasa wa mwisho.

Hebu fanya uchunguzi mdogo mtaani kwako. Nenda kwenye kikundi chochote cha kuweka na kukopa, kamati ya harusi, kwaya, au kamati ya maji. Uliza mwenyekiti ni nani. Utaambiwa Mzee Fulani. Uliza katibu. Utaambiwa Bwana Fulani, ana mwandiko mzuri. Sasa uliza mhazini. Hapo watu wote watageuka kumtazama mama mmoja aliyekaa pembeni, mkoba mapajani, kanga mabegani.

Mhazini lazima awe mwanamke! Kisa? "Akina mama ni waaminifu." Haya, asanteni kwa sifa. Lakini mimi nina swali la kijinga. Kama mtu anaaminiwa na pesa za kaya sitini, pesa ambazo mwenyekiti mwenyewe haaminiwi kulala nazo hata usiku mmoja, ni kitu gani hicho kilichobaki ambacho hawezi kuaminiwa nacho?

Swali hili sikulitoa hewani. Linaisumbua familia yetu hivi sasa.

Mimi naishi Mzumbe. Kwa wasiopajua, ukitoka Msamvu, Morogoro mjini, unashika barabara ya Iringa mpaka Sangasanga, halafu unakata kona kuingia ndani. Kwa mwendo wa daladala zetu ni safari fupi kama dereva hana mpango wa kujaza mpaka paa. Milima ya Uluguru unaiona kila asubuhi bila kulipa kiingilio. Na hapa kwetu kuna chuo. Kilianza mwaka 1953, enzi za mkoloni, kuwafundisha machifu, madiwani na watumishi wa serikali za mitaa. Mwaka 1972 kikawa IDM, Chuo cha Uongozi wa Maendeleo, na mwaka 2001 kikawa Chuo Kikuu Mzumbe. Yaani hapa ndipo watu wanatoka nchi nzima kuja kusomea namna ya kuendesha halmashauri. Rais Samia Suluhu Hassan naye alipita hizi hizi njia zetu za vumbi, akamaliza IDM mwaka 1986 katika fani ya utawala.

Sasa basi, ungedhani sisi majirani wa chuo tungekuwa tumeambukizwa. Wapi! Taa iko pua na mdomo na sisi, lakini sebuleni kwetu ni giza totoro.

Mama yangu mdogo ni mhazini wa kamati ya maji katika kitongoji kimoja cha huku, jina la kitongoji naliweka mfukoni. Ni mwaka wa tisa sasa. Ana daftari kubwa lenye jalada jekundu, kila kaya ina ukurasa wake. Anajua nani kalipa, nani kakopa kulipa, na nani anajificha nyuma ya mgomba akimwona anakuja. Anajua koki ipi inavuja na bomba lipi lilizibwa kwa mpira wa baiskeli. Fundi akija, haendi kwa mwenyekiti. Anakuja kwa mama mdogo, kwa sababu ndiye anayejua.

Mwenyekiti wetu, mzee mmoja wa watu, alifariki mwaka huu, Mungu amlaze pema. Mkutano ukaitishwa wa kujaza nafasi. Wasichana wawili wa rika langu wakasimama wakamtaja mama mdogo. Kimya! Unasikia kuku tu. Halafu mzee mmoja akasafisha koo, akasema kwa upole kabisa: "Mama yetu tunampenda sana. Lakini akiwa mwenyekiti, pesa atashika nani?"

Watu wakacheka, mkutano ukaahirishwa mpaka mwezi ujao. Nikabaki najiuliza kama pale mama wa watu kasifiwa au kafungiwa mlango.

Jioni nikamfuata jikoni. Nikamwambia, "Mama mdogo, usikatae." Akaendelea kupepeta mchele kama hajasikia. Mwishoni akasema, "Mwanangu, mimi na uenyekiti wapi na wapi? Nikikikalia kile kiti, watasema nilikuwa namwombea marehemu afe."

Maneno hayo yaliniingia. Ndiyo yamenifanya niandike habari za mwanamke mmoja wa Kisumu, mji ulio kando ya Ziwa Victoria huko Kenya, ambaye naye alikuta kiti kimeachwa na marehemu.

Usiniulize mtu wa kidato cha nne kayajuaje haya. Ninafanya kazi kwenye kibanda cha kutoa fotokopi na kubana vitabu vya wanachuo. Mtu akileta kazi yake ya kurasa mia, mimi ndiye msomaji wake wa kwanza, kabla hata ya mwalimu wake. Siku moja ikaja kazi kuhusu wanawake katika serikali za mitaa Afrika Mashariki. Nikakutana na jina la Grace Onyango. Toka siku hiyo nimekuwa nikimtafuta kwenye kila kitabu ninachokishika.

Grace Monica Akech Onyango alizaliwa mwaka 1924. Alikuwa mwalimu. Hakuwa binti wa chifu mkuu wala wa rais, alikuwa mwalimu na mke wa Bwana Onyango Baridi. Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963, yeye hakusubiri kuitwa. Aliingia kwenye siasa za mji akawa diwani wa Kaloleni, hapo hapo Kisumu. Kaloleni ni mtaa wa watu wa kawaida, siyo wa mabwana wakubwa.

Mwaka 1965 meya wa Kisumu, Mathias Ondiek, akafariki. Umeya wa siku zile haukuwa wa kupigiwa kura na wananchi wote. Madiwani walikuwa wakimchagua mmoja wao. Kiti kikawa wazi, na kiti kile kikamwangukia Bi Grace. Akawa mwanamke wa kwanza kuwa meya Kenya.

Hebu piga picha. Kenya ina miaka miwili ya uhuru. Bungeni Nairobi hakuna mwanamke hata mmoja. Halafu kule Kisumu anasimama mwalimu, anavaa joho na mkufu wa meya, anakalia kiti cha mbele na wanaume wanakaa pembeni kumsikiliza.

Unadhani vijiweni walisema nini? Mimi sikuwepo, lakini vijiwe nivijuavyo, bila shaka walikuwepo wa kusema kabahatisha. Kwamba asingefariki bwana mkubwa, asingekiona kiti. Ni maneno yale yale anayoyaogopa mama mdogo.

Sawa, tukubali. Kufungukiwa na nafasi kulikuwa bahati. Lakini tujiulize, umeya ni kazi gani hasa? Mimi kibandani nimebana vitabu vingi vya serikali za mitaa, na ukiondoa yale maneno marefu, kazi yenyewe ni hii: maji yatoke, taka ziondoke, soko liwe safi, watoto wasome, nyumba zisijengwe ovyo, hela zilizokusanywa zihesabiwe. Basi!

Sasa niambie wewe kaka unayesoma huku unatabasamu. Nyumbani kwenu nani anahangaikia maji? Nani anafagia uwanja alfajiri? Nani anajua mtoto yupi hana daftari na chumvi imebaki kiasi gani? Kazi hiyo ikifanyika bure, ndani ya ua, inaitwa kazi ya mwanamke. Ikitoka nje ya ua, ikavalishwa joho na mkufu na kupewa posho, ghafla inakuwa ya mwanaume! Hapo ndipo ninapochoka kabisa.

Bi Grace alikaa kwenye kiti kile mpaka mwaka 1969. Anakumbukwa, pamoja na mengine, kwa mitaa iliyokuwa na majina ya kikoloni kupewa majina ya Kiafrika. Mtu anaweza kusema, ah, kubadili kibao cha barabara ni kitu gani? Lakini mtoto anayekua akisoma kibao chenye jina la mtu wa kwao hakui sawa na yule anayesoma jina la mzungu aliyemnyang'anya babu yake shamba. Na mpaka leo ukifika Kisumu kuna ukumbi wa jamii wenye jina lake, Mama Grace Onyango. Na yeye kawa kibao.

Sasa njoo kwenye sehemu ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu hapa ndipo maneno ya "kabahatisha" yanapopigwa chini kama embe bovu.

Mwaka 1969 ulikuwa mwaka mbaya kwa Kisumu. Julai, Tom Mboya aliuawa kwa risasi Nairobi. Tarehe 25 Oktoba, Rais Jomo Kenyatta alifika Kisumu kufungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Warusi, ile ambayo wenyeji waliizoea kwa jina la Russia. Kukatokea mabishano makali, walinzi wakafyatua risasi, watu wakafa. Siku chache baadaye chama cha upinzani, KPU, kikapigwa marufuku na kiongozi wake Oginga Odinga akawekwa kizuizini. Mji mzima ulikuwa na msiba na hasira.

Desemba ya mwaka huo huo ukafanyika uchaguzi wa wabunge. Bi Grace akachukua fomu, akagombea jimbo la Kisumu Mjini dhidi ya wanaume. Safari hii hakukuwa na marehemu wa kumwachia kiti. Hakukuwa na madiwani kumi na kitu wa kukaa chumbani wakakubaliana. Walikuwepo wananchi na karatasi zao. Wakina mama wa sokoni, wavuvi, makuli wa bandarini, walimu, watu waliokuwa wamemwona kazini miaka minne wakijua anachokifanya na asichokifanya.

Wakampa! Akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa kuingia Bunge la Kenya, na katika uchaguzi ule alikuwa peke yake. Na kule Bungeni akawa mwanamke wa kwanza kukikalia kiti cha Spika, kwa zamu za muda. Wapiga kura wakamrudisha mwaka 1974, wakamrudisha tena mwaka 1979. Alikaa Bungeni mpaka 1983.

Umeona hesabu hiyo, msomaji? Kiti cha kwanza kilifunguliwa na kifo. Vingine vitatu vilifunguliwa na kazi. Bahati inaweza kukuketisha, lakini haiwezi kukurudisha mara tatu.

Najua kuna msomaji mmoja atakayeniambia, "Dada, hata Nairobi waliwahi kuwa na meya mwanamke, lakini yule alikuwa mtoto wa rais." Kweli. Margaret Kenyatta, binti wa Mzee Jomo, alikuwa meya wa Nairobi kuanzia 1970 mpaka 1976, wa kwanza mwanamke katika jiji lile. Naye simdharau hata kidogo, maana alianzia udiwani kama wengine, na mwaka 1985 wanawake wa dunia walipokutana Nairobi kwa mkutano wa Umoja wa Mataifa, yeye ndiye aliyekalia kiti cha urais wa mkutano. Ila ukiwa na baba Ikulu, watu wanakusikiliza hata ukipiga chafya. Ndiyo maana mimi nachagua kumsimulia Grace. Grace ni wa kwetu sisi ambao baba zetu hawajulikani zaidi ya kituo cha tatu cha daladala.

Nirudi Uluguru kidogo, kwa sababu kuna kitu kinanichekesha. Sisi Waluguru ukoo wetu unafuata upande wa mama. Shamba la ukoo kule milimani linapita kwa mama. Ukimuuliza Mluguru wa kweli yeye ni wa ukoo gani, atakutajia wa mama yake. Hata jina la heshima la Chifu Kingalu kule Kinole halishuki kutoka kwa baba kwenda kwa mtoto, linakwenda kwa mtoto wa dada. Yaani bila mwanamke, hakuna ardhi na hakuna chifu.

Lakini chunguza vizuri. Ardhi inapita kwa mama, kiti anakalia mjomba. Mama ni daraja. Wote wanapita juu yake kwenda kwenye heshima, yeye anabaki pale pale juu ya mto, anakanyagwa kwa upendo.

Mjomba wangu mwenyewe, ambaye nampenda na ndiye aliyenilipia ada, alikuja nyumbani baada ya ule mkutano. Nikampa shikamoo na kigoda. Akasema, "Mpwa wangu, uenyekiti ni kugombana na watu. Nataka dada yangu aishi kwa amani."

Nikamjibu kwa adabu, "Mjomba, miaka tisa anadai watu pesa ya maji mlango kwa mlango. Kugombana gani kumebaki?"

Akacheka. Hakujibu. Lakini nilimwona anafikiri, na mjomba akifikiri huwa anakuna kidevu. Siku ile alikikuna sana.

Sasa nisiwe kama wapambe wa siasa wanaosifia mpaka uongo. Sisemi kila mwanamke akikalia kiti maji yatatoka. Wapo wanawake waliopewa ofisi wakachemsha, kama walivyo wanaume chungu nzima waliochemsha na hakuna aliyesema "wanaume hawawezi". Ninachosema ni kwamba mtu apimwe kwa daftari lake. Mama mdogo daftari lake lipo, jekundu, njooni mlisome. Kama hesabu haijakaa sawa, mnyimeni. Kama imekaa sawa, acheni kumfungia nje kwa sifa.

Na lile swali la mzee, "pesa atashika nani?", nina jibu lake. Mtafute mwingine umfundishe! Kuna kijana wa kiume pale kitongojini, kamaliza kidato cha sita, hesabu anazijua. Mpeni mkoba. Au uaminifu nao ni wa wanawake peke yao? Kama ndivyo, basi tumekiri wenyewe kwamba kwa miaka yote tumekuwa tukichagua wenyeviti kutoka upande usioaminika. Hiyo si soo?

Wanasheria wa nchi yetu waliliona tatizo mapema, ndiyo maana kuna viti maalum vya wanawake katika halmashauri, theluthi moja. Vimesaidia wengi kuingia ukumbini. Kenya nao wamebadilisha mambo. Mameya wa zamani hawapo tena tangu uchaguzi wa 2013 ulipoleta magavana wa kaunti, na mwaka 2022 wanawake saba walishinda ugavana. Saba! Miaka 57 kabla yake alikuwa mmoja, tena wa kurithi nafasi ya marehemu, na watu wananong'ona.

Bi Grace aliishi kuyaona hayo yote. Alifariki tarehe 8 Machi 2023, akiwa na miaka 98. Unajua tarehe 8 Machi ni siku gani? Siku ya Wanawake Duniani. Hata siku ya kuondoka alichagua vizuri, mama wa watu.

Nimemsomea mama mdogo habari hii kabla sijaileta gazetini, maana jambo lake siwezi kuliuza bila ruhusa yake. Akasikiliza mpaka mwisho. Akauliza kitu kimoja tu: "Huyo mama, baada ya yule meya kufariki, aliombaje kile kiti?"

Nikamwambia sijui kama aliomba, ninachojua hakukikimbia.

Ushauri wangu kwa wanakitongoji ni mmoja. Mwezi ujao mkikutana, msipige makofi. Makofi yanamfuata mwenye sauti kubwa. Gaweni vikaratasi, kila mtu aandike jina bila kuchunguliwa begani, mke mbali na mume, mpwa mbali na mjomba. Halafu hesabuni mbele ya watu. Akishindwa kwa kura, mama mdogo atarudi kwenye daftari lake na mimi nitanyamaza. Akishinda, yule mzee aliyesafisha koo awe wa kwanza kumpa mkono.

Na wewe dada unayesoma hapa, kesho kwenye kikao wakikugeukia wote kwa pamoja kukupa mkoba wa pesa, upokee, ni heshima. Ila kabla hujakaa, uliza kwa sauti ya upole kama ya yule mzee: "Na uenyekiti mnautoaje?"

Kwa leo naishia hapa. Kura zikishahesabiwa nitakujuzeni. Tukutane wiki ijayo, panapo majaaliwa.